Mashine ya Chini ya Meza Imezimwa: Safari Hii Bi Hewani Anastaafu Kweli

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mwenzetu Bi Hewani wa kitengo cha mtandao anastaafu rasmi, baada ya kuitumikia bohari kuu ya dawa kwa miaka thelathini na minne. Najua mnachosema huko mliko. Mnasema sentensi hii mmeshaisoma. Ni kweli, imechapishwa katika jarida hili mara mbili, miaka miwili mfululizo, na mara zote mbili ilikuwa uongo mtupu, ingawa walioiandika walikuwa waungwana na hawakujua. Bi Hewani ameshaagwa mara mbili. Ana saa mbili za ukutani zinazofanana, zawadi yetu ya mwaka juzi na zawadi yetu ya mwaka jana. Mhasibu mkuu alimlilia siku ya kumuaga, halafu Jumatatu akakutana naye kwenye ngazi amebeba chupa yake ya chai kama kawaida. Anaona haya mpaka leo.

Kwa hiyo mhariri aliponijia mimi wa dirisha la kutolea dawa akaniomba niandike wasifu wa tatu, nilimuuliza kwanza kama ana hakika na anachokisema. Akaapa. Nami sasa naapa pamoja naye, maana nilikuwepo mashine ilipozimwa. Nitafika huko. Wasifu una utaratibu wake, lazima mtu aanzishwe alikoanzia.

Bi Hewani aliingia hapa akiwa binti mwembamba, opereta wa simu. Chumba cha simu kilikuwa pale tunapoweka karatasi sasa, karibu na mlango wa nyuma, na ndani yake mlikuwa na ubao wenye matundu na nyaya. Zahanati ikipiga, yeye anasikiliza, anauliza wanamtaka nani, anachomeka waya kwenye tundu la mtu huyo, anangoja kidogo kuhakikisha wamesikilizana, kisha anajiondoa. Kabla ya kujiondoa alikuwa akimuuliza kila mmoja kama yuko hewani. Hapo ndipo jina lilipotoka. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye faili la utumishi na huko linakaa raha mustarehe. Hata mumewe, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu, akipiga simu ofisini humuulizia Bi Hewani.

Ubao wa simu ulipong'olewa, wengi walidhani naye atang'olewa pamoja nao. Yeye akapanda ngazi mpaka kwa mkurugenzi wa wakati ule, akaomba apelekwe kusomea kompyuta. Akapelekwa, akarudi na cheti na miwani. Tangu siku hiyo kazi yake imekuwa ileile aliyokuwa akiifanya kwa nyaya na matundu, yaani kumuunganisha anayeuliza na anayejua.

Kwa wenzetu wapya, na kwa wale wa zamani ambao bado wanamletea Bi Hewani redio zao mbovu wakidhani ni fundi wa kila kitu, nieleze kidogo. Taarifa za dawa zetu zote, ni kiasi gani, ziko rafu gani, zinaharibika lini, zimetunzwa mahali pamoja, kwenye kanzidata iliyomo ndani ya seva, lile kabati jeusi linalonguruma kutwa katika chumba cha baridi. Kila zahanati ina kompyuta zake. Muuguzi akitaka kujua kama tuna dawa ya kifafa, kompyuta yake lazima iifikie seva yetu, na haiwezi kuifikia kwa kubahatisha. Lazima iambiwe anwani ya seva. Iambiwe namba ya mlango wa kubisha, maana seva ina milango mingi na karibu yote imefungwa. Iambiwe jina la kanzidata inayoitaka, na isubiri jibu kwa muda gani kabla ya kukata tamaa. Upande wa seva nako kuna programu inayokaa mlangoni, kazi yake kusikiliza tu nani anabisha na anamtaka nani. Kosea kimoja kati ya hivyo, muuguzi ataona maandishi mekundu kwenye kioo, na mgonjwa amekaa mbele yake kwenye benchi anamtazama.

Basi huko kwenye anwani, milango na kusubiri ndiko Bi Hewani alikoishi. Kwenye kusubiri alikuwa na msimamo wake. Waliomfundisha walimwambia aweke muda mmoja kwa vituo vyote. Akakataa katakata. Zahanati ya mlimani, alisema, laini yake huvuta pumzi kwanza ndiyo iseme, kwa hiyo aliipa muda mrefu. Vituo vya mjini aliviwekea muda mfupi, kwa sababu mtu wa mjini ukimkawiza atabonyeza kitufe mpaka king'oke. Alijua tabia ya kila laini kama mama anavyojua kikohozi cha kila mtoto wake hata akiwa chumba cha pili.

Wa zamani wanaikumbuka safari ya daktari wa bondeni. Daktari yule alipiga simu akifoka kwamba ameandika kila alichoambiwa na kompyuta imekataa. Asubuhi nzima wakasomeana tarakimu, moja baada ya nyingine, zote sahihi. Mwishowe Bi Hewani akapanda lori la dawa, akakaa pembeni mwa dereva na boksi la sindano mapajani, akasafiri mpaka bondeni. Alipofika akatazama kioo, akakipeleka kile kijistari kinachopepesa mwisho wa anwani, akabonyeza kitufe cha kufuta mara moja. Kompyuta ikaitika. Kumbe daktari aligusa kitufe cha nafasi bila kujua, na nafasi tupu haionekani kwa macho. Bi Hewani akaomba maji ya kunywa, akarudi kwenye lori. Dereva, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajinyoosha mgongo, anasema hajawahi kuona kazi fupi namna ile kwa njia ndefu namna ile. Tangu hapo mtu yeyote aliyepiga simu na shida ya anwani aliambiwa kwanza afute mwishoni kitu asichokiona. Wageni walikuwa wakidhani wamepigia mganga.

Hakuwa mtu wa kufoka, ila kununa aliweza. Ukimwambia "mtandao haupo" bila kusema uko wapi, umeona nini na ulikuwa unafanya nini, alikutazama juu ya miwani mpaka ukakumbuka shughuli nyingine. Aliwafundisha wauguzi wengi kueleza tatizo vizuri, na wengine wanasema ujuzi huo uliwasaidia hata kwenye ndoa.

Sasa tuje kwenye mashine ya chini ya meza, maana hiyo ndiyo iliyomtia pingu.

Mwaka wa mvua zile kubwa, paa la jengo la zamani lilivuja, na seva ikahamishwa haraka haraka kwenda jengo jipya. Huko ikapata anwani mpya. Zahanati zote zilikuwa zinajua anwani ya zamani. Barabara zimekatika, kwenda kituo kimoja kimoja haiwezekani, simu nyingi zimekufa, na huko nje chanjo zinasubiriwa. Tulishika tama. Bi Hewani akaichukua kompyuta ya mezani pake, akaipa ile anwani ya zamani, akaifungulia mlango uleule, na kuielekeza kwamba yeyote atakayebisha imshike mkono impeleke kwa seva mpya. Zahanati hazikujua hata kama seva imehama. Chanjo zilitoka siku ileile, mimi mwenyewe nilizitoa kwa mikono yangu. Mkurugenzi akampongeza mbele ya wafanyakazi wote, na alistahili. Yeye akasema ni kwa muda tu, mpaka barabara zifunguke.

Barabara zilifunguka. Zikatiwa lami. Zikachimbika tena. Mashine iko palepale.

Mnajua mambo ya muda yalivyo. Kila zahanati mpya ilipofunguliwa, fundi wa huko alinakili mipangilio ya jirani yake, pamoja na anwani ya zamani. Kwa hiyo badala ya wanaopitia chini ya meza ya Bi Hewani kupungua, wakazidi. Kompyuta yenyewe ilibadilishwa feni, ikabadilishwa diski, hata boksi lake likabadilishwa, lakini mahali pake palikuwa palepale, kati ya viatu vya Bi Hewani na kapu la taka. Ilibandikwa karatasi iliyoandikwa USIZIME. Chini yake mtu akaongeza TAFADHALI. Baadaye ikaongezwa HATA WEWE, na hiyo ilimhusu mkurugenzi mmoja aliyechomoa plagi ili achaji simu yake, nusu ya zahanati zikakaa kimya kama maji mtungini mpaka simu ya bosi ilipojaa.

Sisi tulicheka. Kwake yeye halikuwa jambo la kuchekesha. Umeme ukicheza kidogo tu, lazima mtu aiwashe upya mashine ile na kuhakikisha mlango umefunguka, na mtu huyo alikuwa yeye. Likizo zake alizimalizia nyumbani, simu begani. Binti yake wa pekee aliolewa mbali sana, kule treni inakoishia. Mjukuu akazaliwa. Bi Hewani akaenda kumwona, hata hajamzoea akaitwa arudi, vituo haviioni seva. Mtoto akawa anakua na bibi wa kwenye simu. Alipoanza kusema, ukimwonyesha simu yoyote, hata ile ya plastiki ya kuchezea, aliiita bibi. Binti aliona ni kichekesho, akamsimulia mama yake. Bi Hewani alicheka naye kwenye simu vizuri tu, kisha akashuka kwangu dirishani, akakaa juu ya boksi la glovu, akalia. Nayaandika haya kwa ruhusa yake. Alisema Mwalimu ameshapata vyumba viwili jirani na kwa binti yao, kila kitu kiko tayari, na yeye hataki makubwa. Anataka tu mtoto yule amjue kwa kupakatwa, kabla mapaja yenyewe hayajachoka.

Ndiyo sababu sherehe ile ya kwanza ilimuuma. Kanuni inasema kompyuta ya mstaafu hukusanywa siku ya kuagwa. Afisa mali, mtu wa kanuni, akaenda na kitoroli chake wakati sisi tuko ukumbini. Aliiona karatasi, lakini akajiambia kwamba inayemhusu ameshastaafu. Akachomoa. Hotuba ya mkurugenzi ilikuwa ndiyo imefika kwenye pengo lisilozibika pale simu zilipoanza kulia, moja, nyingine, zote. Bi Hewani alitoka mbio na kisahani cha keki mkononi. Mwalimu, aliyekuwa amekaa mbele kabisa ndani ya suti yake, akabaki na uma mbili. Bi Hewani akaongezewa mwaka. Nyumbani Mwalimu, ambaye alikuwa ameshafunga virago, akavifungua.

Mara ya pili alijiandaa. Aliipigia kila zahanati, akawaomba wabadilishe anwani, wote wakajibu wamebadilisha. Na walibadilisha kweli, kwenye kompyuta iliyokuwa mbele yao. Hakuna aliyeikumbuka ile ya chumba cha dawa, wala ya stoo, wala ya wodi ya wazazi. Siku ya kuagwa aliizima mwenyewe kwa mkono wake, na wodi moja ya wazazi, iliyokuwa ikitafuta dawa ya kuzuia damu, ikakuta kioo hakisemi kitu. Walinipigia simu. Nikapekua rafu kwa macho, gari likaondoka mbio, na mama yule alipona, mtoto pia. Lakini nilimwona Bi Hewani akirudi kuiwasha mashine amefunika mdomo kwa kiganja. Baada ya hapo hakutamka tena neno kustaafu. Mwalimu alifungua virago kwa mara ya pili bila kusema chochote, na mwalimu akikosa la kusema ujue limemfika.

Hapo akaja Mama Pacha, ambaye ndiye anayekipokea kitengo. Ana pacha nyumbani, kwa hiyo hana muda wa kuzunguka mbuyu. Alikuja na mpango. Zahanati zisishike anwani kabisa, zishike jina tu, na pawe na mahali pamoja kwenye mtandao panapojibu kwamba mwenye jina hilo leo anakaa wapi. Seva ikihama hata mara kumi, unabadilisha pale mahali pamoja tu. Bi Hewani aliupenda mpango huo. Wakaujenga pamoja, mmoja akijua mtandao ulivyo na mwingine akijua kila zahanati ilivyoishi nao, na ukikaa nao ungedhani ni mtu na mdogo wake, kwa kubishana na kwa kugawana karanga.

Shida ikaja kwenye kupanga siku ya kuizima mashine. Kila wakikaa, Bi Hewani ana sababu. Tusubiri hesabu ya dawa iishe. Tusubiri mvua zipite. Tusubiri wakaguzi waondoke. Siku moja wakati wa chai Mama Pacha akaweka kikombe chini, akamwambia usoni kwamba yeye haoni mashine iliyoshikilia zahanati, anaona mashine iliyomshika mtu kifundo cha mguu, na mtu mwenyewe ndiye anayeilisha. Hakuna aliyewahi kumwambia Bi Hewani maneno kama hayo. Akainuka akatoka nje, nasi tukajua leo patachimbika.

Alirudi baadaye, akavuta kiti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anaogopa. Anaogopa wodi nyingine isije ikakosa dawa. Na anaogopa jambo jingine ambalo analionea aibu, kwamba siku mashine itakapozimwa na simu isilie, atakuwa amejua kuwa hakuna anayemhitaji. Mama Pacha akamwambia, taratibu sasa, kwamba kule treni inakoishia kuna mtu anaongea na simu ya plastiki akidhani ni yeye. Bi Hewani akajifuta pua. Kesho yake alikuja kazini akiwa amepiga moyo konde.

Akaja pia na wazo ambalo kwa kweli lingemjia yeye tu. Alisema mara ya pili alikosea kwa kuwauliza watu, na watu hujibu kwa kile wanachokiona. Safari hii ataiuliza mashine yenyewe. Akaipanga kwamba kila kompyuta itakayopitia kwake, ilie kama kifaranga. Mlio mmoja kwa kila anayepita, na kiooni ionekane ametoka wapi.

Jamani! Siku ya kwanza ofisi ile iligeuka banda la kuku. Mhasibu wa chumba cha pili aliomba ahamishwe, na hakuwa anatania. Lakini kila mlio ulikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alifuatwa, kwa simu au kwa lori. Walizikuta kompyuta nyuma ya mapazia, walizikuta juu ya majokofu, waliikuta moja ndani ya kabati ambalo mfamasia alilitia kufuli ili watoto wasiichezee. Moja moja, wakazihamishia njia mpya. Vifaranga vikapungua wiki hadi wiki. Watu wakawa wanapita pale mlangoni kusikiliza, na tukawa tunatakiana heri kwenye ngazi, kwamba leo vimelia vichache.

Mwishowe vikanyamaza, isipokuwa kimoja. Kila Jumanne asubuhi, kifaranga kimoja, mlio mmoja, basi. Wakatazama kiooni, wakakuta kinatoka humu humu ndani ya ua wetu. Wakapekua mapokezi, wakapekua karakana, wakamwinua mkurugenzi kitini. Watu walishamaliza milima na mabonde, sasa wanatafuta chini ya viti. Kumbe ni dirisha langu! Kila Jumanne mimi hubonyeza kitufe kimoja kinipe orodha ya dawa zinazokaribia kuharibika, na kitufe hicho alinipangia Bi Hewani mwenyewe mwaka ule wa mvua, amekaa kwenye kigoda changu hapa chini. Alipogundua aliangua kicheko mpaka akavua miwani. Akanirekebishia palepale. Jumanne iliyofuata nikabonyeza kwa roho juu juu, halafu nikachungulia ngazini. Mama Pacha alikuwa juu ya ngazi akitikisa kichwa. Kimya.

Ikazimwa Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi wakati kazi imepamba moto, ili kama kuna kitakachoharibika kionekane mapema. Hakuna aliyealikwa. Lakini ajabu ni kwamba kila mtu alijikuta ana shughuli kwenye korido ile. Fundi umeme alikuja kukagua taa nzima. Afisa mali alikuja bila kitoroli, akasimama mbali kabisa na soketi, mikono nyuma. Bi Hewani akapiga magoti, Mama Pacha akimshika bega, akabonyeza. Feni ikazunguka polepole, ikasimama. Kumbe chumba kile siku zote kilikuwa na kelele, nasi tumeizoea hatuisikii.

Akakaa kitini, akaitazama simu ya mezani. Nasi tukaitazama. Mama Pacha alikuwa upande wa pili anaisoma seva, akawa anavitaja vituo vinavyoingia, cha mjini, cha bondeni, wodi ya wazazi, kimoja baada ya kingine, vyote kwa njia mpya. Chai ililetwa ikapoa. Bi Hewani hakuiondolea macho simu.

Ikalia.

Aliyepiga alikuwa muuguzi wa zahanati ya mlimani, yule mwenye laini ya kuvuta pumzi. Bi Hewani akapokea, akamuuliza swali lake la siku zote kama yuko hewani, kisha akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu. Tulimwona uso ukibadilika, na hatukujua unabadilika kwenda wapi. Akasema naam, akasema naam tena. Halafu akanigeukia mimi, akaninyooshea simu.

Muuguzi yule hakuwa na shida yoyote ya mtandao. Asubuhi hiyo alikuwa amefungua kanzidata bila taabu, akaona kwa macho yake kwamba tuna bandeji za kujaza chumba, na anataka kuelezwa kwa nini mtu wa dirisha la kutolea dawa amempelekea nusu katoni. Niliambiwa siku hiyo, tena niliambiwa haswa. Na wakati mimi naambiwa, Bi Hewani alichukua mkoba wake taratibu, akavua ndala zake za ofisini, akavaa viatu, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama uani na simu yake ndogo sikioni, mkono mmoja umeshika nguzo ya geti. Anacheka au analia, kwa mbali sikuweza kujua, nadhani yote mawili. Baadaye alitusimulia kwamba Mwalimu hakumuuliza habari za mashine wala za seva. Aliuliza neno moja tu, kama afunge virago. Naye akamwambia afunge, na juu yake apitishe kamba ya pili.

Virago vimeshatangulia. Tiketi zimekatwa. Ijumaa tutakuwa na keki, na afisa mali ameahidi kukaa ukumbini mwanzo hadi mwisho, atakaa kati ya walinzi wawili. Saa ya ukutani hatutoi tena, tumeona inatosha.

Kwa niaba ya bohari, ya madereva waliokupakia kwenye malori, ya wauguzi wote uliowafutia wasichokiona, na ya wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi bila kujua kuna mtu anaitwa Bi Hewani, tunasema asante. Uliogopa kwamba siku moja hatutakuhitaji. Nikwambie kweli, dada yetu, kwa kazi hatukuhitaji tena, zahanati zote zinaingia, na hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ulizotufanyia. Kwa chai, kwa kicheko na kwa kutazamwa juu ya miwani tunakuhitaji sana, lakini tutajikaza. Kuna mtu amekungoja zaidi yetu. Nendeni salama wewe na Mwalimu, mkaishi vizuri, afya iwatoshe na siku ziwe ndefu. Ukiona namba ya bohari inaita, usishtuke, si seva, ni salamu tu. Na kama mtoto amelala mapajani mwako, iache iite.